Karata Tisa Hewani

  

Leo nina jambo ambalo mtu wa redio mwenye akili zake angeliacha lipite: mazingaombwe ya karata. Mazingaombwe ni mambo ya macho, na redio haina macho. Nikisema hapa "haya, tazameni hii mkononi mwangu," nitakuwa najisemea peke yangu. Lakini ipo michezo ya karata isiyohitaji fundi wala vidole vyepesi. Karata zinafanya kazi zenyewe, wewe kazi yako ni kuzungumza. Nitawafundisha mmoja wa namna hiyo muucheze huko huko mlipo, nami huku studioni sioni chochote, na karata yenu itapatikana. Basi mwenye pakiti ya karata ndani amtume mtoto ailete. Asiye nayo achukue daftari, akate vipande tisa vya karatasi vilivyo sawa, aandike namba, moja mpaka tisa, kila kipande na yake. Vitahitajika baada ya muda mfupi.

Nawalenga zaidi vijana wa Miteja. Wasioijua Miteja ni hivi: ukitoka Dar es Salaam, umeuvuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, umeipita Somanga, na bado hujafika Nangurukuru pale njia ya Masoko inapoachana na ya Lindi. Nchi ya ufuta na korosho, na bahari haiko mbali. Jioni kazi zikiisha, kijiwe hakikosi bao, drafti au karata. Vijana wanacheza lasti kadi na arubastini. Wazee bado wana wahedi wa sitini yao, mchezo wa hesabu kali: ree, yaani karata ya moja, ina pointi 11, seti, yaani saba, 10, mzungu wa nne 4, mzungu wa tatu 3, mzungu wa pili 2. Jumla ya pakiti nzima ni 120, na anayefikisha 61 ndiye mshindi. Kijana anayemwita mzungu wa nne "kingi" na mzungu wa tatu "jeki" anacheza karata zile zile za babu yake, kabadilisha jina tu.

Na karata si mgeni wa jana kwenye pwani hii. Kopa, uru, shupaza, pau, turufu, yote ni maneno ya Wareno. Jeshi lao chini ya Francisco de Almeida lilishuka Kilwa Kisiwani mwaka 1505, wakajenga ngome, na mwaka 1512 wakaondoka. Ngome yao haikudumu. Majina ya karata yamedumu, na nadhani hakuna mtu Kilwa anayeyaona kuwa ya kigeni tena.

Haya, karata ziko tayari? Wenye pakiti watoe karata tisa, zozote. Zichangeni mpaka mridhike. Sasa zigaweni mafungu matatu, kila fungu karata tatu, zote zimefunikwa, migongo juu. Chagua fungu moja unalolipenda wewe, usimuulize mtu. Linyanyue, chungulia karata iliyo chini kabisa ya fungu hilo. Ikariri, usiitaje. Hiyo ndiyo karata yako. Sasa lirudishe fungu hilo juu ya fungu jingine lolote kati ya mawili yaliyobaki, halafu hayo mawili kwa pamoja yaweke juu ya la tatu. Una karata tisa mkononi, zimefunikwa, na fungu lako liko juu ya mengine.

Tunaanza kutamka herufi. Tamka namba ya karata yako, herufi moja moja, na kwa kila herufi weka karata moja mezani, ukitoa juu, moja ikilala juu ya mwenzake. Kama yako ni nne, ni N, N, E: karata tatu. Kama ni kumi, ni K, U, M, I: karata nne. Mwenye jeki atamke jeki, mwenye malkia atamke malkia, na mzee mwenye mzungu wa nne atamke "mzungu" tu, inatosha. Ukimaliza, zilizobaki mkononi ziweke zote kwa pamoja juu ya zile za mezani, kisha nyanyua zote tisa.

Sasa tamka neno dogo "ya". Y, A. Karata mbili mezani, zilizobaki juu yake, nyanyua zote. Sasa tamka Miteja: M, I, T, E, J, A. Karata sita mezani, moja moja, zilizobaki juu yake, nyanyua zote. Tumebakiza neno moja, Kilwa. K, I, L, W, na ile inayoangukia kwenye A ishike, usiifunue. Mwambie aliye karibu nawe karata yako ilikuwa ipi. Mmeshaambiana? Funua.

Nasikia kelele mpaka huku. Anayesikitika, karata yake haikutoka, mahali fulani alisahau kuziweka zilizobaki juu, akaziweka chini. Arudie baadaye taratibu, hazitamwangusha.

Sasa siri yake, maana kwenye kipindi hiki hatufungi milango. Ulipoliweka fungu lako juu, karata uliyoichungulia ilikuwa ya tatu kutoka juu. Unapohesabu karata moja moja mezani unazigeuza mpangilio: ya kwanza inakuwa ya chini, ya pili inafuatia, ya tatu inakuwa ya tatu kutoka chini. Namba zote za karata kwa Kiswahili zina herufi tatu au zaidi, na hakuna yenye zaidi ya tisa. Kwa hiyo iwe ree, iwe mbili, iwe malkia, baada ya neno la kwanza karata yako iko ya tatu kutoka chini, yaani ya saba kutoka juu. Herufi mbili za "ya" zinaivuta mpaka ya tano. Na ya tano katika tisa ni katikati kabisa, nne juu yake, nne chini yake. Hapo ndipo pana uhondo. Ukihesabu karata tano au zaidi, ukageuza, ukaweka nyingine juu, ya katikati inabaki katikati. Miteja ina herufi sita, basi haikuisogeza hata kidogo. Ilikuwa mbwembwe. Kilwa ina herufi tano, na ya tano ndiyo yako.

Kwa hiyo badala ya Miteja unaweza kuweka Somanga, Kivinje, Masoko, Lindi, au jina la dada yako, ilimradi liwe na herufi zisizopungua tano na zisizozidi tisa. Nangurukuru haifai. Ina herufi 11, karata zitakwisha jina likiwa bado njiani.

Mchezo huu asili yake ni wa Jim Steinmeyer, Mmarekani ambaye kazi yake ni kubuni mazingaombwe makubwa ya jukwaani. Yeye alitumia jina la karata kwa Kiingereza. Mimi nimeusogeza tu ukae Kilwa, na kwa kweli kwa Kiswahili unakaa vizuri, maana hatuna namba yenye herufi mbili. Na kuna nyongeza moja inayoupa nguvu zaidi: mwambie rafiki yako kwamba akitaka kudanganya, adanganye. Karata yake ni saba, yeye atamke nane au malkia, shauri yake. Haibadilishi kitu. Yeye ataondoka pale akiamini karata zimemkamata uongo.

Mtu anayeanza mazingaombwe mara nyingi anakosea mahali pa kuanzia. Anaona kwenye simu kijana wa Ulaya anafungua karata kwa mkono mmoja kama kipepeo, naye anashinda wiki nzima akiokota karata sakafuni. Hayo ni mapambo. Mshangao unatoka kwa yule anayetazama, kwa sababu ana jambo fulani analiamini na halijawahi kumjia kulihoji. Fundi analijua hilo jambo. Nitawapa moja kubwa, ambalo nusu ya mazingaombwe ya karata duniani yamesimama juu yake: watu wanaamini kwamba kukata karata ni kuzichanganya.

Si kweli. Kukata si kuchanga. Ukiikata pakiti na kuweka nusu ya chini juu, umebadilisha tu mahali pa kuanzia kuhesabu. Karata zilizokuwa jirani zimebaki jirani, kasoro pale panapokatwa. Hata watu kumi wakikata kwa zamu, jirani ni jirani. Kutokana na hilo tu una mchezo mzima. Unapozipanga karata vizuri mkononi, chungulia ya chini kabisa bila kuitolea macho. Tuseme ni kopa tano. Mwambie rafiki achomoe karata yoyote katikati, aitazame, aonyeshe wenzake, aiweke juu ya pakiti. Wewe kata: nusu ya chini iweke juu. Kopa tano sasa imelala juu ya karata yake. Waache wakate wao, mara moja, mara mbili, wanavyotaka. Halafu anza kufunua moja moja kutoka juu ukiziweka mezani. Ukiiona kopa tano, inayofuata ndiyo yenyewe. Ikitokea kwa bahati mbaya kopa tano ikawa ya mwisho kabisa, yake ilikuwa ya kwanza.

Hapa sasa ndipo mchezaji anajulikana. Asiyejua ataruka mara moja: "Ni hii!" Watu watacheka kidogo, watarudi kwenye bao lao. Wewe usiseme. Ipite. Funua nyingine tatu nne, uso wako mzito. Rafiki yako amekwisha kuiona karata yake ikipita, anawakonyeza wenzake kwamba leo umeumbuka. Shika karata inayofuata, bado imefunikwa, sema, "Karata nitakayoigeuza sasa ndiyo yako." Atacheka. Kama ni mtu wa kamari ataweka hata dau. Basi iache hiyo uliyoishika, nyosha mkono mezani kwenye zile zilizofunuliwa, ichukue yake, igeuze ifunikwe. Hukusema utafunua, ulisema utageuza. Dau lake mrudishie. Nitawaambia baadaye kwa nini nasisitiza hilo.

Na kuchanga kwenyewe, je? Kunachanganya, lakini si kwa haraka tunayodhani. Kuna profesa wa Marekani, Persi Diaconis, ambaye akiwa na miaka 14 alitoroka nyumbani kumfuata bingwa wa karata Dai Vernon, na baadaye akawa mwanahisabati mkubwa. Mwaka 1992 yeye na mwenzake Dave Bayer walichapisha hesabu iliyoonyesha kwamba pakiti ya karata 52, ikichangwa kwa kugawanywa nusu mbili na kuziingiza karata katikati ya nyingine, inahitaji kuchangwa kama mara saba ndipo ichanganyike barabara. Ule uchangaji wetu wa kijiweni, wa kudondosha mafungu mafungu kutoka mkono huu kwenda huu, unahitaji mara nyingi zaidi ya hizo. Nani anachanga hivyo huku mwenzake anapiga kelele "gawa bwana"?

Kuna mchezo mmoja wa karata 21 ambao nadhani kila shule yenye bweni inaujua: safu tatu za karata saba, mtu anaonyesha safu yenye karata yake, unaiweka hiyo katikati, unarudia mara tatu, na karata inatokea ya 11. Una heshima yake, Mfaransa Joseph Gergonne aliandika hesabu ya mchezo wa jamii hiyo mwanzoni mwa karne ya 19. Lakini mimi siupendi. Unachosha. Kupanga karata 21 mara tatu huku watu wanapiga miayo si mazingaombwe, ni kazi ya stoo.

Afadhali hadithi. Kijiwe cha pwani kinapenda hadithi kuliko karata, kwa hiyo zifungeni pamoja. Toeni jeki zote nne. Kabla watu hawajakaa sawa, chukueni karata nyingine tatu zozote, mzifiche nyuma ya jeki ya mwisho, zikae zimeshikamana zionekane kama karata moja. Sasa zionyesheni jeki kwa kuzitandaza kidogo, nyuso kwa watazamaji: "Hawa ni ndugu wanne wametoka Mbagala wanakuja harusini." Zikusanyeni, zifunikeni, ziwekeni juu ya pakiti. Watazamaji wanaamini juu ya pakiti kuna jeki nne. Kweli zipo, lakini juu yake zimelala zile karata tatu za uongo.

Pakiti ni basi. Basi limetoka Dar es Salaam. Chukua karata ya juu, usiionyeshe uso: "Kaka mkubwa ana mzigo wake, kashuka Ikwiriri." Ichomeke chini chini ya pakiti. Ya pili: "Huyu ana mchumba Somanga, kashuka." Ichomeke katikati. Ya tatu: "Huyu kashuka Miteja, anamjulia hali shangazi." Ichomeke juu kidogo ya katikati, lakini si karibu sana na juu. Ya nne, hii waonyeshe bila wasiwasi, ni jeki kweli: "Mdogo wao amebaki na konda mpaka Nangurukuru." Irudishe juu. Halafu mdogo anapiga simu: pilau imeiva, nyinyi mko wapi? Konda anagonga bodi mara mbili. Gonga pakiti kwa vidole, ko ko. Funua moja, mbili, tatu, nne. Ndugu wote wako juu ya basi.

Hadithi hii isingekubalika zamani. Zile kilomita 60 za Ndundu mpaka Somanga kabla ya lami, masika yakiwa yamekolea, ndugu aliyeshuka Ikwiriri angekuta harusi imekwisha na bibi harusi ana mtoto.

Sasa adabu ya mchezo. Usirudie mchezo ule ule kwa watu wale wale jioni ile ile, hata wakubembeleze. Mara ya kwanza wanatazama usoni mwako, mara ya pili wanatazama vidole. Usitangaze mwanzoni kitakachotokea mwishoni. Fanya miwili, ukizidi mitatu, funga pakiti mfukoni wangali wanataka. Na angalia mahali. Wako wazee kwetu ambao karata kwao ni kamari tu, hawataki kuziona, na wana sababu zao, wameona watu wakiuza baiskeli kwa sababu ya karata. Baraza la msikiti si mahali pake. Ukimkuta mzee kijiweni, msalimie, mwombe ruhusa, mwambie ni mchezo wa hesabu na hakuna pesa. Mara nyingi atasema "haya tuone," na mara nyingi yeye ndiye atakayeshangaa kwa sauti kubwa kuliko wote.

Lakini liko jambo zito kidogo, na huku kwetu haifai kulipita. Ukiwa stadi, siku moja mtu atakuja nyumbani kwako usiku, peke yake, aseme kwa sauti ya chini: "Mwanangu, simu yangu imeibwa, hebu zitazame hizo karata." Yeye hatanii, ameamini. Ukijibu kwa mzaha ukataja jina la mtu, umewasha moto usioweza kuuzima. Sheria ya Uchawi tunayoitumia ilitungwa mwaka 1928, na kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa ndani yake. Na ukimtaja mtu kuwa mwizi kwa sababu ya karata, watu wenye fimbo hawatangoja sheria. Mwambie mzee huyo papo hapo: hii ni hesabu na vidole, mimi sina ramli. Ikibidi mwonyeshe siri ya mchezo. Hapo siri haina thamani kubwa kuliko usalama wa jirani.

Na hili si letu peke yetu. Uingereza, mwaka 1584, bwana mmoja aitwaye Reginald Scot alitoa kitabu kiitwacho The Discoverie of Witchcraft. Enzi hizo kwao wanawake wazee walikuwa wakipelekwa mahakamani na kunyongwa kwa kushutumiwa uchawi. Scot aliona ni upuuzi na dhuluma, akaandika kitabu kizima kulipinga jambo hilo, na ndani yake akaeleza wazi jinsi watu wanavyofanya viini macho vya sarafu, vya vipira na vya karata, ili msomaji aone kwamba jambo la kushangaza si lazima liwe na jini ndani yake. Kile ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vya Kiingereza kufichua siri za mazingaombwe. Wachezaji wa leo wanakihesabu kama kitabu chao, ingawa mwandishi alikuwa na watu wengine moyoni, wale walioshutumiwa.

Wengi wetu tuliosoma shule za msingi za nchi hii tunamkumbuka fundi wa mazingaombwe aliyepita na sanduku lake, mwalimu mkuu akaruhusu, kila mtoto akaleta senti zake. Tulitoka pale tukiwa tumegawanyika, wengine wanasema ni dawa, wengine wanasema ni kiini macho. Laiti mwalimu wa hesabu angetumia dakika kumi kesho yake kutufundisha mchezo mmoja tu wa karata tisa, ubishi ule ungekwisha na hesabu tungeipenda.

Nilisema nitarudi kwenye dau. Kuna mazingaombwe ya karata ambayo kila stendi kubwa ya nchi hii imeyaona, nayo hayatangazwi kuwa mazingaombwe. Karata tatu. Kijana ana karata tatu juu ya boksi, anazihamisha, anasema onyesha yenye picha uchukue pesa mara mbili. Kipo kikundi kimemzunguka, mmoja anashinda, mmoja anashangilia, mwingine anakupa ushauri sikioni kama ndugu yako. Wote hao ni wa nyumba moja. Mgeni pale ni wewe tu.

Anavyofanya ni hivi. Mkono wa kulia ameshika karata mbili, moja juu ya nyingine, wa kushoto moja. Anakuonyesha ile ya chini katika mkono wa kulia, ndiyo yenye picha. Anaporusha, macho yako yanaamini karata ya chini ndiyo imetoka kwanza. Iliyotoka ni ya juu. Tangu hapo unafuatilia karata isiyo yako kwa uangalifu mkubwa, na kadiri ulivyo makini ndivyo unavyopotea kwa uhakika. Wakiona unasita wanakupa zawadi: mwenye karata anageuka kidogo kuzungumza na mtu, mmoja wa wale wenzake anaikunja kona ya karata yenye picha, anakukonyeza. Unadhani umepata rafiki. Unatoa pesa ya ufuta yote. Yule wa karata, katika kurusha, ameinyoosha kona ile na kuikunja nyingine. Na hata ukibahatisha ukaigusa ya kweli, mwenzao ataweka dau kubwa zaidi kwenye karata nyingine na mwenye boksi atasema anapokea la mkubwa tu, au mtu atapaza sauti "polisi!" na boksi litapotea na pesa yako. Kucheza mchezo wa bahati kwa pesa hadharani ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, lakini wewe uliyeliwa hutakwenda kituoni kusema ulikuwa unacheza.

Tazameni tofauti. Yule wa kijiweni amekwambia mapema kwamba atakudanganya, umekubali, mnacheka wote, na hakuna kilichotoka mfukoni mwako. Wa stendi anatumia ujanja wa aina ile ile, lakini anakwambia ni macho yako dhidi ya mikono yake. Kijana aliyewahi kuficha karata tatu nyuma ya jeki za basi lake hawezi kudanganyika kirahisi na wa stendi, kwa sababu anajua kwa mikono yake kwamba karata unayoiona ikienda siyo inayokwenda. Hii ndiyo faida ninayoiona mimi, zaidi ya vicheko.

Kwa hiyo vijana wa Miteja, na wa Somanga, Tingi na Kivinje mnaonisikiliza, fanyeni mazoezi ya mchezo mmoja kwa wiki hii, huo wa herufi, mpaka muweze kuufanya huku mnaongea mambo mengine. Mwonyesheni kwanza mtu mmoja nyumbani, asiye na haya ya kuwaambia mmeharibu wapi. Na msimu wa mauzo ukifika, pesa zikiwa mkononi, mwonyesheni kaka au baba anayepanda basi kwenda mjini ile ya kona iliyokunjwa, kwa karata halisi, mara mbili tatu, mpaka aione. Akifika stendi akaliona boksi, apite.